Mpaka bibi acheke

Mwenzenu nafanya mazingaombwe ya kuchekesha hapa Arusha, huu mwaka wa tisa sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote sio "umefanyaje", ni "nani kakupa hizo dawa". Naulizwa kwenye bethidei za watoto Njiro, naulizwa kwenye kifodi nikitoka Sakina na sanduku langu mapajani, na kuna dereva aliwahi kunishusha kabisa alipojua kazi yangu. Kwetu huku kiini macho na uchawi watu wanaviweka kapu moja, na kuwalaumu siwezi, maana hata mimi nikiwa darasa la tatu yule mzee wa mazingaombwe alipokuja shuleni nililala na mama wiki nzima.

Desemba moja niliitwa kwenye kipaimara huko Kibosho. Mnaojua Uchagani mnajua Desemba ilivyo, watu wanapanda kutoka Dar na kila kona, kila mgomba una gari chini yake, na kwa sisi wasanii wa sherehe ndo msimu wetu. Basi mimi nikaenda na suti nyeusi, muziki mzito wa kutisha, sicheki na mtu, nikachukua leso ya mtoto wa sherehe nikaichoma moto mbele ya watu halafu nikaitoa nzima ndani ya limao. Nilitegemea makofi. Kukawa kimya, yaani kimya kile cha msibani, na bibi yake mtoto akasimama na rozari yake mkononi akaingia ndani, na wamama wengine wakamfuata. MC akaharakisha ndafu iletwe. Baba mwenye sherehe alinilipa hela yangu yote lakini hakuniangalia usoni, na hicho ndo kiliniuma.

Usiku ule nikalala gesti Moshi mjini, usingizi hauji, nikafungua YouTube nikakutana na Tommy Cooper. Huyu alizaliwa Caerphilly, kule Wales, mwaka 1921, akiwa na miaka minane shangazi yake akamnunulia boksi la mazingaombwe na ndo ikawa maisha yake. Vita ya Pili akaenda jeshini, akapelekwa Afrika Kaskazini, akawa anachekesha wanajeshi wenzake, na inasimuliwa kwamba siku moja Cairo alisahau kofia yake ya jukwaani akachukua tarabushi ya mhudumu aliyekuwa anapita akaivaa. Watu wakavunjika mbavu. Hakuiacha tena, tarabushi nyekundu ile ile, kama zile za askari wa KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, kwenye picha za zamani, ikiwa juu ya jitu la futi sita na zaidi.

Kwenye ile klipu ana chupa, glasi na mikebe miwili mirefu ya kufunikia. Anasema glasi itahamia ilipo chupa na chupa itahamia ilipo glasi. Anafunua, inagoma. Anafunika tena kwa haraka, anafunua, chupa zimekuwa mbili, anashtuka, anatoa nyingine, na nyingine, meza inajaa chupa na yeye anahangaika kama mtu aliyevamiwa na siafu. Nikacheka peke yangu kitandani saa nane usiku, halafu nikairudisha na kuangalia mikono tu. Jamani ile mikono! Haikosei hata mara moja. Yule mtu alikuwa fundi kwelikweli, na ili ukosee vizuri namna ile lazima kwanza ujue kupatia hadi usingizini.

Alifia jukwaani tarehe 15 Aprili 1984, London, laivu kwenye tivii, moyo ukasimama akaanguka na watu ukumbini wakaendelea kucheka wakijua ni sehemu ya shoo. Hiyo video mimi siiangalii, na ukinitumia nitaifuta.

Nikaanza upya. Miezi sita nilikuwa na sarafu ya mia tano kiganjani, pale nyama ya chini ya kidole gumba inapobana, naosha vyombo nayo, nanunua nyanya soko la Kilombero nayo, napeana nayo mikono na watu hawajui. Ikianguka naanza kuhesabu siku upya. Kuificha ilinichukua wiki tatu tu, iliyobaki yote ilikuwa kujifunza kuionyesha kidogo, kwa bahati mbaya ya makusudi, ili mtu aliyekaa mbele aone kipande kinang'aa aseme nimemkamata. Hapo ndo hofu inapotoka. Mtu akiamini amekukamata hakuogopi tena, anakuonea huruma, anacheka, na akicheka anakaa.

Ile familia ya Kibosho ilinipigia tena mwaka uliofuata, send-off ya dada mtu. Sijui nani alinitetea, Mungu ambariki. Suti nyeusi niliiacha nyumbani. Nikamsalimia bibi kwanza, shikamoo bibi, akaitika marahaba kwa mbali, nikamuomba aniazime mia tano, akatoa taratibu huku ananichunguza. Nikaifunga mkono wa kulia, nikapuliza, nikafungua, haipo, ila wa kushoto nikauacha wazi kidogo.

"Iko kushoto hiyo! Mwanangu, iko kushoto naiona!"

Nikajifanya sisikii, nikahangaika, nikatafuta kwenye viatu, kwenye sahani ya pilau ya MC, na bibi keshasimama ananionyesha kwa fimbo, kushoto wewe, kushoto, machozi yanamtoka kwa kucheka na wajukuu wamemshika asianguke. Mwisho nikafungua mkono wa kushoto. Mtupu. Nikamwambia bibi hebu angalia chini ya sahani yako.

Akainua sahani, akaikuta, akanitazama, akaitazama tena ile hela. Halafu akaifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo mbili, akakaa.