Nilivyokuja kuelewa kazi ya seli T dhidi ya malaria

Nafanya kazi maabara hapa Busia, upande wa Uganda, na kuna swali lililonikalia kichwani muda mrefu. Siku hiyo bibi mmoja alileta mjukuu wa miaka minane. Kwenye darubini niliviona vimelea waziwazi: vipete vya buluu vyenye nukta nyekundu, ndani ya chembe nyekundu za damu. Mtoto mwenyewe alikuwa uani akikimbizana na wenzake. "Mwanangu," bibi akaniuliza, "kama ana malaria, mbona haumwi?"

Nilirudi kwenye vitabu. Orodha za aina za seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, hazikunisaidia hata kidogo. Nilichofanya ni kukifuata kimelea chenyewe, nikijiuliza kila kinapofika: hapa seli T inakiona?

Kwenye ini, ndiyo. Kimelea hukaa humo kama wiki moja, na seli ya ini huanika juu yake vipande vya protini za mvamizi. Seli T za aina iitwayo CD8 huvitambua, zikaiua seli hiyo na vilivyomo. Kikishaingia kwenye damu mambo hubadilika, kwa sababu chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala molekuli za kuanikia vipande hivyo. CD8 hupita kando yake bila habari.

Hapo kazi huwa ya aina nyingine ya seli T, CD4. Zenyewe haziigusi chembe iliyoambukizwa. Husaidia seli B, chembe nyingine za kinga, kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa mvamizi, na hutoa kemikali iitwayo interferoni gama inayozichochea makrofaji, seli mezaji za kwenye wengu, kuzila chembe hizo. Lakini uchochezi huohuo ndio unaoleta homa.

Jibu la bibi nililipata kwenye tafiti zilizochapishwa 2014, tena za hapa jirani, Tororo. Kwa watoto wanaoumwa na mbu wenye malaria kila mara, CD4 nyingi hutoa pia kemikali nyingine, interleukini 10, inayotuliza uchochezi. Seli T za gama-delta, aina nyingine inayoleta uchochezi, nazo hupungua, na waliopungukiwa zaidi ndio waliokuwa na vimelea bila kuugua.

Nilimweleza bibi hivyo, na kwamba dawa lazima mtoto anywe, maana vimelea vinavyokaa kimya huendelea kula damu, na mbu huvibeba kwenda kwa wengine. Mdogo wake huyo mtoto alikuwa ameanza chanjo ya malaria iitwayo R21, iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025: miezi 6, 7, 8, kisha 18. Nilimsihi hiyo ya nne asiikose, kwa kuwa kingamwili hushuka, na dozi hiyo huziamsha tena seli za kumbukumbu, zile za kinga zinazomkumbuka mvamizi.