Nilivyopiga hesabu ya ruzuku za uvuvi baada ya kuambiwa niandike sifuri

Jamani kama unahangaika na hesabu ya ruzuku za uvuvi usikubali mtu akwambie "andika sifuri, bongo hatuna ruzuku". Mimi niliambiwa hivyo na mtu mzima mwenye cheo chake, eti kwa sababu kitabu cha bajeti, Fungu 64 ambalo ndo la uvuvi, hakina mstari ulioandikwa ruzuku. Iliniudhi mno. Ukisamehewa kodi au riba hiyo ni hela ya serikali imebaki kwako, iwe imeandikwa isiwe imeandikwa.

Basi kwa hasira nikaenda upande wa pili, zile boti ambazo serikali inawakopesha wavuvi bila riba nikaziweka bei yote kuwa ruzuku. Nikaibeba karatasi yangu mpaka Feri, soko la samaki la Dar, saa kumi na mbili asubuhi mnada umechangamka, nikampata nahodha mwenye boti ya hivyo. Mzee wa watu akatoa risiti zake kwenye mfuko wa nailoni, kona zimelowa, zinanuka vibua, akaniambia, "Mdogo wangu, hili deni nalipa mwenyewe, sasa hicho nilichopewa bure kiko wapi?"

Nikakaa palepale juu ya kreti nikaanza upya. Alichopewa bure ni riba! Tuseme boti ni milioni 60 hivi, miaka mitano, anarudisha 12 kila mwaka. Deni linakwenda 60, 48, 36, 24, 12, jumla 180. Riba ya benki weka 15% kwa mwaka, unapata milioni 27. Hiyo ndo ruzuku. Nyavu nazo zimesamehewa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ila 18% ipigie kwenye bei isiyo na kodi, wengi wanachemka hapo.

Halafu usichanganye hela ya doria na utafiti na hela ya kuongeza nguvu ya kuvua. Ruzuku za uvuvi dunia nzima mwaka 2018 zilikadiriwa dola bilioni 35.4, na 22.2 kati ya hizo zilikuwa za kuongeza nguvu ya kuvua, ndo zinazomaliza samaki. Mkataba wa ruzuku za uvuvi wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, wa Juni 2022 umeanza kufanya kazi Septemba 2025, sasa utajibuje ukiwa na sifuri?

Yule nahodha nilimrudishia hesabu yake, akanikopesha kalamu niiandike 27 nyuma ya risiti ya mwisho, akaikunja akairudisha kwenye nailoni.