Siku moja maishani mwangu: fundi wa mashine za boti, Kunduchi

Saa 11:30 alfajiri. Mtongani bado giza. Kazi ya leo niliipanga tangu juzi kwa kuhesabu maji: ni maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu; yatajaa saa 4 asubuhi hivi na mkondo hautakuwa mkali. Siku ya kupima mwendo wa boti ni siku kama hii. Tuko Julai, na upepo wa kusi ukishaamka mchana bahari inachafuka, kila namba unayoandika inaingia shaka.

Saa 1:00 asubuhi. Kunduchi pwani, supu ya pweza na chapati moja. Mwenye boti amefika kabla yangu. Ni mtu mzima, anapeleka wageni kisiwa cha Mbudya kwa boti ya fiba ya futi 19 yenye mashine ya Yamaha, farasi 40.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nimenunua propela yenye namba kubwa ili boti ikimbie. Sasa nikipakia watu, hata kuinuka juu ya maji haiinuki."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, na kila mara yananiuma. Mtu ametoa hela yake kwa nia njema, na aliyemuuzia hakumuuliza hata swali moja: unabeba watu wangapi?

Saa 1:40. Napiga magoti nyuma ya mashine, nafuta chumvi na kusoma maandishi ya propela: 11 1/8 x 13 - G. Namba ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga, kwa inchi. Herufi ni ya aina ya mkia wa mashine, ile sehemu ya chini inayobeba propela, unaoipokea. Namba ya pili, 13, ndiyo pichi: inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye mbao. Maji si mbao, yanateleza, kwa hiyo sehemu ya safari hiyo hupotea.

Mzee anaamini 13 ina mbio kuliko 11. Kwa hesabu tupu ni kweli. Lakini ni sawa na lori lenye shehena kupanda mlima Kitonga kwa gia kubwa: mbio zimo ndani ya gia, ila injini haina pumzi ya kuzifikia.

Sigusi propela kabla ya kuondoa sababu nyingine. Tumbo la boti ni safi, halina majani wala vigamba. Bapa lililo juu ya propela liko usawa wa chini ya boti, ndipo linapotakiwa. Nafungua nati, navuta propela: hakuna mshipi uliojisokota kwenye shafti. Mshipi ukikaa pale unakata sili, maji yanaingia kwenye gia na oili inageuka rangi ya maziwa. Mwisho napiga mstari wa rangi kutoka kitovu cha propela hadi kwenye bushi ya ndani. Tukirudi mistari ikiwa imeachana, mpira wa katikati umechoka na unateleza, na hapo kubadili pichi ni kupoteza hela.

Saa 3:00. Watu wengi hujaribu boti tupu, wakati wateja hawapandi boti tupu. Tunapakia vijana watatu, madumu 10 ya lita 20 yaliyojaa maji, nahodha na mimi. Nazungusha waya wa kipima mizunguko kwenye waya wa plaga, jipiesi ya kupimia mwendo naishika mkononi.

Saa 3:30. Tunaelekea Mbudya, resi mwisho. Mizunguko 4,300 kwa dakika, haipandi tena. Kitabu cha mashine hii kinataka ifike kati ya 4,500 na 5,500 resi ikiwa mwisho. Tunageuza, tunapima tena upande wa pili ili upepo na mkondo visitudanganye. Wastani ni kilomita 30 kwa saa. Gia inapunguza mizunguko kwa nusu, kwa hiyo propela inazunguka mara 2,150, na kila mzunguko ni inchi 13. Bila kuteleza tungefika karibu kilomita 43. Asilimia 30 imebaki majini.

Kupotea kwa mwendo si hasara pekee. Mashine iliyokabwa namna hii inafanya kazi kama mtu aliyebebeshwa gunia huku amezibwa pua: joto linapanda, masizi yanaganda, pistoni zinaumia. Nimefungua mashine za namna hiyo. Inasikitisha kuona chuma kizuri kimeuliwa na namba moja.

Saa 4:15. Stoo nina propela kuukuu ninazoazima watu kabla hawajanunua. Nachukua 11 5/8 x 11 - G. Kila inchi ya pichi ukipunguza, mizunguko hupanda kama 150 hadi 200. Mzee anauliza kwa nini tusishuke hadi 9 kabisa. Namwambia akirudi na boti tupu itapita 5,500, na hiyo nayo inaua mashine.

Saa 5:00. Mzigo uleule, njia ileile. Boti inainuka juu ya maji mapema, kisha pua inashuka na kutulia. Mizunguko 4,750. Mwendo, pande zote mbili, wastani kilomita 33. Tunateremsha madumu na vijana, tunakaza tena: 5,200. Hapo ndipo nilipopataka. Mistari ya rangi haijaachana. Mzee anatazama jipiesi, kisha ananishika bega bila kusema kitu.

Mchana kusi inavuma kweli. Nanyoosha panga la propela moja iliyogonga mwamba, nabadilisha oili ya gia, nakula wali na samaki saa 8.

Saa 12:15 jioni. Naandika kwenye daftari: uzito, pichi, mizunguko, mwendo. Propela ya 13 mzee ameniachia nimtafutie mnunuzi. Yupo kijana Ununio mwenye boti nyepesi, anabeba watu wawili tu, na mashine yake ya 40 inapita 5,500 akikaza resi. Kesho maji yatachelewa kidogo kujaa. Nitampelekea tuijaribu kwake.