Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwahesabu Vijana Walioacha Mpango

Saa mbili asubuhi nafungua kumbukumbu za vijana wa mpango wa kuzuia uhalifu tunaoufanyia tathmini, ambamo kila jina limegeuzwa namba, na naanza na walioandikiwa "hakumaliza". Ripoti ya waendeshaji imewahesabu waliofika mwisho tu, kisha ikatangaza kwamba ni wachache waliorudia makosa. Lakini kijana aliyevumilia hadi mwisho huenda angetulia hata bila mpango, na aliyekamatwa tena mapema ndiye aliyeacha kuja. Nawarudisha wote katika makundi waliyopangiwa kwa kura siku ya kwanza, la walioingizwa mpangoni na la wasioingizwa.

Saa nne tunakaa na waendeshaji, watu ninaowaheshimu, na mmoja wao anauliza kwa uchungu inawezekanaje kazi ya upendo kama hii isizae matunda. Namsimulia habari za Cambridge na Somerville, katika jimbo la Massachusetts, ambako kuanzia mwaka 1939 wavulana 506 waligawanywa, nusu wakapewa washauri na nusu wasipewe. Mtafiti Joan McCord alipowafuatilia miaka 30 baadaye, wengi wa waliosaidiwa waliwakumbuka washauri wao kwa wema, lakini uhalifu haukuwa umepungua kati yao, na kwa baadhi ya vipimo walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Ziara za kuwatisha vijana kwa kuwapeleka magerezani nazo zilipimwa katika majaribio 9 nchini Marekani, na kwa jumla waliopelekwa walitenda makosa zaidi. Chumba kinakaa kimya kwa muda.

Saa saba nasoma takwimu za polisi, nikikumbuka kwamba kukamatwa hakulingani na kutenda kosa, kwani huonyesha pia mahali askari wanapopiga doria.

Saa tisa alasiri namhoji namba 17.

"Dada, haya yatafika polisi?"

"Hapana. Jina lako halimo."

Anautazama mkono wangu unaoandika, kisha anasema alipata kibarua cha jioni, saa zilezile za vikao, na hakuna aliyemuuliza sababu ya kutoonekana. Katika kumbukumbu, mbele ya namba yake, pameandikwa "hana nia".

Saa kumi na moja naandika upya jedwali la matokeo likiwa na vijana wote, na chini yake naongeza swali kwa waendeshaji: vikao vinaweza kuhamishiwa saa ngapi?