Vagabond

Leo mpwa wangu kanionyesha ukurasa wake wa Instagram. Chini ya jina lake ameandika neno moja tu, vagabond, na kakatuni ka begi la mgongoni. Kijana mwenyewe hajavuka Chalinze tangu Pasaka. Nikamuuliza kama anajua maana yake. Akanijibu kwa ile sauti ya kumvumilia mzee: "Mtu anayezunguka dunia, Mjomba. Mtu huru."

Hajakosea sana. Mzizi wake ni neno la Kilatini la kutangatanga, Waingereza wakalipata kupitia Kifaransa, na siku hizi wapenda safari wanajipamba nalo. Ila mimi nililikuta kwanza kwenye Biblia ya Kiingereza, ile ya 1611, na pale halikuwa pambo. Kaini kamuua nduguye, analaaniwa awe vagabond. Biblia yetu inasema "mtu asiye na kikao duniani". Nalipenda hilo, ingawa siku hizi kikao ni mkutano wenye posho, na kijana anaweza kudhani Kaini alinyimwa bahasha.

Usiku huu nimelitafutia neno letu. Mtembezi? Huyo hula miguu yake, lakini tunamtetea pia: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mhuni ana makosa mengine kabisa. Anayelingana na vagabond ni mzururaji, na mzururaji hana methali ya kumtetea. Ana kifungu. Waingereza walikuwa na sheria yao ya wazururaji ya 1824, wakaja kutandaza maneno yake kwenye makoloni. Katika Kanuni yetu ya Adhabu yaliingia kwenye kifungu cha 177. Malawi waliyarithi vilevile, hadi mchuuzi mmoja, Mayeso Gwanda, aliyekamatwa alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki, alipokwenda Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2017. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika hapa hapa Arusha nayo ikatoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinavunja haki za watu.

Mzee wetu hakufika huko. Mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, ile kampeni ya serikali ya kuwakamata wasio na kazi mjini, alitoka jioni kununua mafuta ya taa. Alikuwa na kazi, tena ya kudumu, ila kitambulisho kilibaki kwenye shati la jana. Alilala ndani siku mbili na kidumu chake, kwenye chumba kimoja na watu waliokuwa wakisubiri kupelekwa mashambani, mpaka mama alipokwenda na lile shati kama lilivyo, halijafuliwa.

Tangu hapo hakutoka bila kitambulisho. Dukani, hatua ishirini, anajipapasa mfuko wa kifua kwanza. Msikitini, kwenye kanzu. Hata alipostaafu na kadi ikawa haisomeki, ilikuwemo, imefungwa kwenye nailoni ya sukari.

Nilimweleza mpwa yote haya. Akasikiliza, simu kaigeuza kifudifudi, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa. Kisha akasema neno linabaki, linapendeza.

Saa tatu akaaga, anakwenda kwa rafiki yake. Alikuwa keshafika getini niliposikia sauti yangu mwenyewe ikimwita: "We! Kitambulisho unacho?"