Mgongo wa Mzee wa Likoni

Mwaka 2019 nilikuwa karani wa wakala wa forodha Malaba, upande wa Uganda. Kazi yenyewe, ukiondoa makaratasi, ilikuwa kusubiri: mzigo ukaguliwe, kodi ilipwe, sistimu iamke. Madereva nao walisubiri. Walitandika mikeka chini ya matela, wakachemsha chai, wakacheza drafti kwa vizibo vya soda. Kampala wachoraji humlipa mtu ili akae tuli. Malaba watu walikaa tuli bure, ingawa kwa hasira.

Mimi ni mtu wa Bukoba, na kuchora nilianza ukubwani. Jumamosi nilizoweza kutoroka nilipanda basi hadi Kampala kwa fundi mmoja aliyesomea sanaa Makerere, akiwafundisha watu wazima nyumbani kwake. Mwenyewe aliona ni jambo la kawaida kabisa: shule ya sanaa ya Makerere ilianzia barazani kwa mwalimu Margaret Trowell mwaka 1937. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa mama huyo alikuwamo Mkenya, Gregory Maloba, ambaye mwaka 1962 aliiachia Kampala sanamu ya Mnara wa Uhuru. Siku moja fundi alitupeleka pale mnarani, akatupa dakika chache za kutazama, kisha akatugeuza tuupe mgongo na kila mmoja aseme alichoona. Tukasema mikono inayomwinua mtoto juu. Tukasema zile kamba zilizomzungushia yule mtu mwilini. "Na uso?" akauliza. Kimya. Akacheka, tukaenda kunywa chai.

Lakini mimi nilitaka nyuso. Nani haanzi na nyuso? Nilikuwa nimeshika kanuni zote: macho yakae katikati ya kichwa, si juu kama watoto wanavyoyaweka, kati ya jicho na jicho ipite nafasi ya jicho jingine, sikio lianzie usawa wa nyusi na kuishia usawa wa pua. Kanuni hizi ni za kweli, mtu apime kwa penseli kwenye kioo atajionea. Basi nilizunguka yadi ya malori na ubao wangu wa plywood, karatasi za manila, penseli laini za 2B na 6B, mkaa wa kuchorea, na kipande cha mkate mfukoni, maana ndani ya mkate mweupe hufuta mkaa bila kuchubua karatasi. Mkate huo ulinipatia sifa ya uchizi kwa wauza chai wote.

Siku ninayoikumbuka, lori la mafuta ya kupikia kutoka Mombasa lilikwama kwa sababu namba moja kwenye hati haikulingana na ya kontena. Utingo wake, kijana mchangamfu, akataka nimchore. Alivaa miwani ya jua, nikamwomba aivue, akakataa, tukakubaliana aivue kwa shingo upande. Nilimchora kwa utulivu mkubwa. Vipimo vyote vilikaa. Kivuli cha chini ya mdomo wa chini kilikaa. Alipouona alifurahi, ila aliomba nimpunguzie weusi kidogo na nimfute kovu la kwenye nyusi, nikasema sifuti. Akaupeleka kwa wenzake kwenye drafti.

"Huyu nani?" mmoja akauliza.

"Si ni mimi!" utingo akasema.

"Wewe? Huyu ni mtu wa kitambulisho."

Walicheka mpaka vizibo vikamwagika. Mimi sikucheka sana.

Dereva wake alikuwa kakaa pembeni kwenye dumu akisikiliza yote. Mzee wa Likoni, kofia ya kiua kichwani, kikoi kiunoni, ndevu zimetiwa hina. Nikamwendea. "Shikamoo mzee wangu. Wewe nawe nikuchore?"

"Marahaba mwanangu. Mimi, la. Sura ya mtu si ya kuchorwachorwa. Malaika hawaingii nyumba yenye masanamu."

Nimelelewa Mkristo, lakini jirani zetu Bukoba walikuwa Waislamu, neno hilo halikuwa geni kwangu. Nikaomba radhi, nikaanza kukusanya vitu. Yeye akanitazama na ule mkate wangu, nadhani nilimtia huruma.

"Huwezi kuchora kitu kingine? Lori?"

"Lori halinifundishi kitu, mzee. Najifunza mwili wa mtu, unavyosimama."

Akafikiri. "Basi mimi nina mambo yangu pale kwenye tairi. Wewe kaa huku nyuma. Uso niachie."

Akaenda kusimama kwenye tairi la nyuma la tela, mkono mmoja umeshika chuma, akitazama upande wa geti. Hakujipanga. Alisimama tu kama anavyosimama kila siku.

Hapo nikaingia kazini, na kanuni zangu za macho na masikio hazikuwa na kazi hata moja. Fundi alikuwa ametufundisha kwamba mtu akiegemeza uzito mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huo hushuka, na uti wa mgongo hupinda ili kichwa kisalie juu ya mguu uliobeba. Nilikuwa nimeyaandika hayo daftarini. Sasa niliyaona kwenye fulana iliyolowa jasho. Nilishusha penseli wima kama timazi ya mwashi, kutoka kisogoni: ilitua karibu na kisigino cha kulia. Mguu wa kushoto haukubeba kitu. Goti lake lilikuwa limelegea kidogo na unyayo umeelekea nje. Nikachora pia tundu la hewa lililobaki kati ya mkono ulioshika chuma na mbavu. Tundu hilo lilikuwa na umbo la pembetatu nyembamba, na lilipokaa sawasawa, mkono ulikaa wenyewe bila mimi kuuhangaikia. Kikoi nilikipitia haraka kwa ubavu wa mkaa. Mistari ya kikoi inaweza kummaliza mtu, usiiguse.

Sijui muda gani ulipita. Adhana ya alasiri ndiyo iliyomwondoa. Alipoenda kutia udhu, utingo akaja kuchungulia, nyuma yake wale wa drafti.

"Mzee huyo!" akasema mmoja hata kabla hajafika karibu. "Anapumzisha goti la klachi."

Mwingine akasimama palepale akamwigiza, uzito kulia, goti la kushoto limelegea, wakacheka tena, safari hii pamoja na mimi. Ikawa ubishi wa miaka mingapi mzee amekanyaga klachi barabara ya Mombasa hadi Kampala, na wapi foleni inaumiza zaidi, mizani au mpakani. Utingo ndiye peke yake aliyenuna. "Mimi umenichora uso mzima hawakunijua. Yeye hana hata sikio."

Mzee aliporudi kutoka kuswali aliutazama mchoro kwa mbali, mikono nyuma.

"Ndiye," akasema. "Lakini ni mimi wa Malaba huyo. Nyumbani sisimami hivyo."

Akaniomba nisiutundike ukutani. Nikakubali, na sikuutundika. Hati zao zilisahihishwa usiku, wakaondoka kuelekea Tororo.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea fundi. Aliushika, akaupeleka dirishani, akauliza mtu huyu ana maumivu mguu gani. Nikamjibu. Kisha akaweka kidole kwenye unyayo wa kulia: mfupi mno, mzee mwenye uzito ule angeanguka. Akanipa kazi ya wiki, miguu mitupu, daftari zima. Nilirudi Malaba nikiwashukuru madereva wa masafa marefu, ambao wakifika tu mpakani huvua viatu na kushinda na ndala.