Kanu, jogoo wangu na sahani ya dagaa

Nianze na jogoo, maana ndiye aliyelipa gharama. Alikuwa mwekundu, shingo ndefu, akiwika saa kumi alfajiri wakati mimi niko jikoni nasukuma mahamri ya biashara. Jumatatu moja sikumsikia. Nikatoka na tochi, nikakuta manyoya yametapakaa kutoka bandani mpaka chini ya mwembe, na jogoo mwenyewe kaliwa kichwa na kifua, kilichobaki kimeachwa hapo.

Jirani mmoja akasema ni paka shume. Mwengine akasema nguchiro, lakini nguchiro wetu hapa Mtongwe, Mombasa, hutembea mchana kweupe. Mjomba, aliyezaliwa mtaa huu kabla mashamba hayajakatwa ploti, aliinama akatazama tundu kwenye waya wa banda, akalipima kwa vidole vitatu. "Huyu ni kanu," akasema. "Kikishapita kichwa, mwili umepita."

Wenzangu wa umri wangu mshaanza kucheka, najua. Chama cha KANU kilitutawala hapa Kenya mpaka 2002 na alama yake ilikuwa jogoo. Kumbe huku vichakani kanu na jogoo habari zao ni nyengine kabisa! Mjomba alicheka mpaka akapaliwa.

Siku ya tatu nikamuona huyo mnyama kanu, juu ya ukuta. Mwembamba kuliko paka wangu Tunu, madoa mwili mzima, mkia mrefu wa pete nyeusi na nyeupe. Wengi humchanganya na ngawa, lakini ngawa ni mkubwa, hupita chini kama mbwa, na ndiye mwenye zabadi waliyokuwa wakichanganya bibi zetu kwenye manukato. Kanu ni wa mitini. Hutoka usiku, tena peke yake, na hula panya, ndege, wadudu, hata matunda.

Na dagaa. Hapo ndipo ninapoona haya. Kwa miezi nilikuwa nikimwekea Tunu sahani ya dagaa barazani kila jioni, asubuhi naikuta nyeupe kama imeoshwa, nami namsifu Tunu kwa ulaji wake. Wallahi, Tunu hulala miguuni kwangu na mlango umepigwa komeo! Akili zangu zilikuwa wapi? Nilimkaribisha mgeni mwenyewe, nikamlisha, akazoea njia, siku moja akaona banda liko pale pale.

Jirani akanishauri nitie sumu kwenye kipande cha nyama. Nilikataa, na msidhani ni huruma. Wiki ile ningemuona amelala chali ningefurahi. Ila sumu haichagui. Angeanza Tunu, angefuata paka wa msikitini, kisha bundi anayeokota panya aliyekula mabaki.

Basi nikamwita fundi. Tukang'oa waya wa zamani tukatia wa matundu madogo, ukakunjwa na kufukiwa chini ya mchanga. Makuti ya juu tukayatoa, tukaezeka mabati, kwa sababu mnyama huyu huja kwa juu, na lile tawi la mwembe lililoinamia banda likakatwa. Hilo tawi liliniuma, ndilo lililokuwa likizaa sana. Tunu nilimpeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, na watoto nikawaambia: yeyote akiumwa au akikwaruzwa na mnyama, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kijidonda.

Binamu yangu anaishi London, na kwao ni mbweha. Hulala chini ya kibanda cha bustani, usiku hupekua mapipa ya taka. Asema paka wake na mbweha hupitana ukutani, kila mmoja na hamsini zake. Nilimwambia mimi sijafika huko.

Lakini juzi umeme ulikatika, nikakaa barazani kupunga upepo. Mkia wa pete ukaning'inia kutoka mwembeni. Tunu alikuwa chini, masikio yamesimama, wala hakusogea. Wakatazamana hivyo muda mrefu. Kijogoo kipya nilichonunua Kongowea kikajigeuza bandani, mabati yakalia kidogo, mkia ukapanda juu ukapotea.

Nikaingia ndani kuhakikisha sahani ya dagaa iko mezani, imefunikwa kawa.